Karuhusiwa: abaki wodini, arudi nyumbani, au aletewe nesi?

Asubuhi ya raundi daktari hupita, hutazama faili, husema "huyu anaweza kwenda", na papo hapo nyuso mbili hubadilika. Mgonjwa hutabasamu. Jamaa aliyesimama pembeni na thamosi ya uji hunywea. Nimesimama katikati ya watu hao wawili kwa zaidi ya miaka kumi, wodi za upasuaji na za magonjwa ya ndani, na daktari akishaondoka swali huwa lile lile: "Dada nesi, sasa tumfanyeje?"

Njia ziko tatu. Kuomba abaki wodini siku chache zaidi. Kumrudisha nyumbani auguzwe na jamaa, kidonda kikisafishwa kituo cha afya. Au kumrudisha nyumbani na kumlipa nesi awe anakuja. Watu wengi huchagua kwa mapenzi ("mama yangu simuachi mikononi mwa watu"), wengine kwa mfuko, wengine kwa hofu tu. Mie huwaambia wachague kwa kazi. Mgonjwa huyu, wiki mbili zijazo, anahitaji afanyiwe nini, saa ngapi, na katika nyie nani anajua kukifanya?

Kiswahili chenyewe kinatuponza kidogo hapa. Anayemuuguza mgonjwa ni muuguzi, awe amesomea SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na ana leseni, au awe binti wa nyumbani aliyefunga genge lake juzi ili amkae babake. Neno moja, kazi mbili mbalimbali. Humu nitamwita wa kwanza nesi na wa pili muuguzaji.

Vipimo kabla ya kuchagua

Anza na mgonjwa mwenyewe: anajimudu kiasi gani? Tangu 1965 kuna kipimo kiitwacho Barthel, chenye mambo 10: kula, kuoga, kujisafisha uso na meno, kuvaa, kuzuia choo kikubwa, kuzuia mkojo, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Alama zake waachie wenye kazi. Wewe chukua karatasi, andika yote 10, na mbele ya kila moja andika "peke yake", "kwa msaada" au "hawezi". Zikitokea "hawezi" nne au tano, usijidanganye kwamba mtu mmoja atatosha nyumbani. Na jambo la ngazi msilipite haraka kwa sababu daktari hakulitaja. Nimeona bibi aliyeunganishwa mfupa wa nyonga akifikishwa mlangoni mwa nyumba ya Mji Mkongwe, zile ngazi za mbao zilizosimama kama za kuchumia karafuu, ndipo watu wakaanza kutazamana.

Ukishajua hayo, kila njia ipime kwa mambo matano. *Ujuzi*: kazi zinazotakiwa zinafanywa na nani, na akikosea nini hutokea. *Usiku*: nani yuko macho saa nane usiku. *Njia*: umbali, nauli, chombo cha kupandia. *Mfuko*: fedha, na riziki inayosimama kwa sababu ya kuuguza. *Sitara*: nani anamwosha, nani anamuona, na yeye mwenyewe anaridhia nini. Hili la mwisho wasomi wa karatasi hulisahau, na ndilo linalovunja mipango mingi huku kwetu.

Kubaki wodini

*Ujuzi.* Hapa wodi haina mpinzani. Presha, mapigo ya moyo, pumzi na joto hupimwa kwa saa zake, na mtu akibadilika ghafla daktari wa zamu yupo. Kuna kazi ambazo hazitoki nje ya wodi hata ukiwa na fedha: antibiotiki za mshipani mara tatu kwa siku, oksijeni, sukari inayopanda na kushuka bila kutulia, kiharusi cha siku za mwanzo, operesheni ya tumbo ambayo mgonjwa bado hajapitisha upepo, tumbo limejaa na anatapika. Kwa huyu wa mwisho nawaomba msione haya kuuliza. Watu wanaona aibu kutamka kwamba babao hajajamba, na hilo ndilo daktari anataka kulisikia kabla hajaandika ruhusa.

Lakini kukaa wodini nako kuna hatari yake. Vijidudu vya spitali huzoea dawa kuliko vya mtaani. Mtu anayelala tu hupata nimonia, damu huganda kwenye mshipa wa mguu, ngozi ya kiunoni huanza kuoza. Ndiyo maana mtu aliyefanyiwa upasuaji tunamwinua mapema, akiwa bado anakunja uso kwa maumivu, na tunamwambia akumbatie mto juu ya kidonda avute pumzi ndefu na akohoe. Jamaa hutuona makatili. Siku aliyobaki wodini bila sababu ya kitabibu ni siku ya kuongeza hatari.

*Usiku.* Nesi yupo macho, ndiyo. Ila zamu zangu nyingi za usiku tulikuwa wawili kwa wagonjwa wapatao thelathini. Mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa ageuzwe kila saa 2. Piga hesabu mwenyewe. Wanaogeuza ni jamaa wanaoruhusiwa kukaa, na kama mgonjwa wako hana wa kukaa naye, usidhani wodi itaziba pengo hilo lote.

*Njia.* Mgonjwa hasafiri, mnasafiri nyie. Kwa mtu wa Kikwajuni kupeleka chakula hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, ni matembezi. Kwa mtu wa Konde, Pemba, ambaye mgonjwa wake yuko hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ni kukivuka kisiwa kizima kutoka kaskazini hadi kusini, kila siku, na bakuli la supu mapajani. Hata hivyo hali imepungua uzito. Abdulla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, na hospitali mpya za wilaya zimejengwa Unguja na Pemba miaka hii ya karibuni. Zamani operesheni iliyokuwa nzito kidogo ilimaanisha boti hadi Unguja, na jamaa kulala kwa watu wiki mbili.

*Mfuko.* Sera ya matibabu bure ni ya tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na kitanda cha wodi ya kawaida hakimfilisi mtu. Kinachofilisi ni nauli, chakula, na dawa iliyokosekana stoo ikabidi inunuliwe nje. Mwenye kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya aulize mapema kadi inabeba nini na haibebi nini, siku ya kuingia, asingoje siku ya kutoka.

*Sitara.* Wodi za wanawake na za wanaume ni mbalimbali, na hilo ni jema, ila lina ncha mbili. Mtoto wa kiume pekee wa mama mjane hawezi kulala kando ya kitanda cha mamake. Na mzee wa kiume aliyepangiwa nesi wa kike wa kumwosha mara nyingine hujibana choo siku tatu kuliko kusema. Mwambieni nesi mapema, mpango hufanyika.

Wodi inamfaa ambaye hali yake bado inaweza kugeuka ndani ya saa chache. Inamfaa pia, kwa siku mbili tatu, yule ambaye jamaa zake bado hawajafundishwa kazi. Hiyo ni sababu halali ya kumwomba daktari muda, na wengi hukubali ukiisema hivyo badala ya kusema tu "bado hajapona".

Nyumbani, mikononi mwa jamaa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wagonjwa wengi wanapoishia, na kwa sababu mie mwenyewe nilikosea hapa.

Baba alipata kiharusi upande wa kulia. Tulimrudisha Kengeja, na mie nesi, mwenye cheti na kofia, nilimwachia mdogo wangu maelezo kwa mdomo kisha nikapanda boti kurudi kazini. "Mgeuze kila saa mbili." Akamgeuza kweli. Ila alikuwa akimgeuza kiwiliwili, miguu ikibaki palepale kwa sababu ilikuwa mizito na kwa sababu sikumwambia. Niliporudi baada ya siku tisa nikakamata kisigino cha kulia. Kulikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikalibonyeza kwa kidole. Ngozi yenye uzima ikibonyezwa huwa nyeupe, ukiachia damu hurudi. Lile doa halikubadilika, lilibaki jekundu vilevile chini ya kidole changu. Maana yake nyama ya ndani imeshaanza kuumia. Kwa bahati ilikuwa hatua ya kwanza. Tukaweka mto mwembamba chini ya muundi, kisigino kikaning'inia hewani bila kugusa godoro, na baada ya wiki likafifia. Dada alitaka kulikanda kwa mafuta ya nazi. Nilimzuia, maana kusugua doa la namna hiyo huzidi kuipasua mishipa midogo iliyobaki.

*Ujuzi.* Basi somo la kisigino kile ni kwamba muuguzaji hafundishwi kwa maneno. Kabla hamjatoka wodini, mwambie nesi akuoneshe, kisha ufanye wewe yeye akitazama. Kumgeuza mtu mzima, pamoja na kukagua kisogo, viwiko, kiuno, nyonga, vifundo na visigino. Kumhamisha kitini bila kumvuta ule mkono uliopooza, maana bega hutoka. Kumlisha mwenye kiharusi: akalishwe wima kabisa, uji uwe mzito, kijiko kidogo, ameze ndipo kingine, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Maji mepesi ndiyo yanayompalia kuliko chakula, ingawa kila mgeni atamshikia gilasi mdomoni kwa huruma.

Mpira wa mkojo si wa kuogopwa. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usilale sakafuni, umwagwe kabla haujajaa, na mikono ioshwe kabla na baada, kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60. Uliza tarehe ya kubadilishwa, kwa sababu mipira ya kawaida haikai zaidi ya wiki chache.

Insulini inataka utulivu. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae friji, nyuzijoto 2 hadi 8, kamwe isiwekwe barafuni. Umeme ukikatika siku nzima, au nyumba haina friji, iwekeni kwenye mfuko wa plastiki ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga mbichi, kivulini. Na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa skuli, ajue sura ya sukari iliyoshuka: jasho jingi, mikono kutetemeka, maneno kupotea, ukali usio wa kawaida yake. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena kama mna kipimo, akitulia ale chakula. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni.

Kidonda cha operesheni ndicho rahisi kuliko yote, ila watu wanakiharibu. Hakitaki kitu. Kinataka plasta safi, kikavu, kisishikwe. Badala yake kinafunguliwa kila anapokuja mgeni. "Hebu tulione." Nimekuta kidonda cha ngiri, kilichotoka wodini kikiwa kizuri mno, kimenyunyiziwa unga wa kapsuli ya antibiotiki uliokauka ukawa kama saruji, na chini yake usaha. Spiriti nayo huunguza nyama mpya pamoja na wadudu. Kwa kidonda kilicho wazi, maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai cha mfuto kwa nusu lita, yanatosha kusafishia hadi mfike kituoni.

Dawa ya maumivu: panadol za miligramu 500, mbili kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku nzima, na muangalie asije akapewa dawa ya mafua yenye panadol ile ile ndani. Diklofenaki ya duka la dawa msimpe mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo mbovu bila daktari kujua.

*Usiku.* Gaweni zamu kama sisi. Mmoja kutoka isha hadi saa nane, mwingine kutoka saa nane hadi alfajiri. Nyumba nyingi humwachia yule binti mmoja asiyeolewa, mchana na usiku, na wiki ya pili naye huwa mgonjwa.

*Njia.* Kituo cha afya kikiwa cha kutembea kwa miguu, kusafisha kidonda kila siku au kila baada ya siku moja si tabu. Mtu wa Fuoni atapata bajaji. Mtu wa kisiwa cha Makoongwe akitakiwa Mkoani lazima apande chombo, na anayejua kupanda na kushuka mashua na nyuzi tumboni ni yule aliyewahi tu. Bodaboda kwa aliyepasuliwa tumbo wiki ya kwanza, hapana.

*Mfuko.* Nyumbani kunaonekana bure. Muulize mwanamke wa Paje au Jambiani anayelima mwani. Maji yakitoka bamvua, zile siku yanapokupwa sana, hayamsubiri, na akikosa bamvua mbili kwa ajili ya kumkaa mkwewe, hiyo ni fedha. Pemba, msimu wa karafuu nyumba hubaki na wazee na watoto. Operesheni isiyo ya haraka, ngiri kwa mfano, mwambieni daktari mapema kwamba mnaomba isipangwe msimuni. Na aliyepasuliwa ngiri asinyanyue kitu kizito wiki 6. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Nani atateka maji? Hilo nalo liwemo kwenye hesabu.

*Sitara.* Hapa nyumbani huishinda wodi, mara nyingi. Mke anamwosha mumewe, mtoto wa kiume anamwosha babake. Ila wapo wazee ambao wana mabinti tu na wakwe wa kike, na mkwe hamwoshi baba mkwe. Yasemwe kabla hajatoka, atafutwe mpwa au mjukuu wa kiume, hata wa mara moja kwa siku. Mambo ya sala, tayamamu, kupangusa juu ya bendeji, sala ya mwenye mpira wa mkojo, muulizeni sheikhe wenu. Wagonjwa huwa na wasiwasi nayo kuliko tunavyodhani, na wengine huacha kunywa maji ili wasisumbue udhu, jambo linalowadhuru.

Wageni je? Kumzuru mgonjwa ni haki yake na ni thawabu, silipingi. Wakae barazani kwa makundi, waingie wawili wawili, wasikae kitandani.

Njia hii inamfaa anayetembea au anayejigeuza, mwenye kidonda kilichofungwa vizuri, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, maji, na kituo kisicho mbali.

Nyumbani, na nesi wa kulipwa

*Ujuzi.* Inategemea umemleta nani. Nesi wa kweli ana leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga la Zanzibar, na haoni vibaya kuombwa aioneshe. Mtu akikasirika kwa kuulizwa leseni, mshukuru kwa kuja na umpe nauli. Niliitwa nyumba moja, mjini, ambako mtu aliyejiita nesi aliutoa mpira wa mkojo kwa kuuvuta. Mpira ule una kipira kidogo kilichojazwa maji ndani ya kibofu ndicho kinachoushikilia. Hunyonywa maji yale kwa bomba la sindano kwanza, ndipo mpira hutoka wenyewe kama uzi. Yule alivuta na kipira kimejaa. Mzee alikojoa damu siku mbili.

Kipimo changu kingine cha nesi wa mitaani ni dripu. Familia hupenda "dripu ya nguvu", chupa ya maji na vitamini za manjano, mgonjwa aonekane anahudumiwa. Anayekubali haraka kuitundika bila karatasi ya daktari anatafuta fedha yenu. Kwa mwenye moyo dhaifu au figo zilizochoka, chupa ile inaweza kumjaza maji mapafuni.

*Usiku.* Nesi anakuja kwa muda wa saa moja, anafanya kazi yake, anaondoka. Saa 23 zilizobaki ni zenu. Wa kulala yupo pia, kwa bei yake, na mara nyingi ni mtu aliyetoka zamu spitalini asubuhi ile, kwa hiyo atasinzia kama binadamu yeyote. Mlipeni kwa kazi ngumu za mchana, usiku mkae wenyewe.

*Njia.* Hapa ndipo inaposhinda: mgonjwa hatikiswi. Mjini na Mwanakwerekwe au Fuoni kumpata si kazi. Mashamba ya Pemba ni bahati ya kuwa na nesi anayeishi shehia yenu. Muulizeni sheha, yeye anajua nani amestaafu na bado mikono yake ina nguvu.

*Mfuko.* Bei ni ya makubaliano, kwa kila anapokuja au kwa wiki. Yaandikeni hata kwenye daftari la skuli: kazi zipi, saa ngapi, nani ananunua glavu, gozi na plasta, na akiona hali mbaya ampigie nani. Daftari hilo hilo aandike presha, sukari na hali ya kidonda kila siku. Siku ya kliniki mnalibeba. Daktari akiona sukari za siku 14 zimepangwa hufurahi kuliko kuona zawadi.

*Sitara.* Unachagua wa kike au wa kiume, na mgeni mwenye kazi yake mara nyingine humtoa mzee aibu kuliko mwanawe. Wapo pia wasiotaka kabisa mtu baki awaone. Muulizeni mgonjwa. Mara ngapi nimekuta familia nzima imeshajadili na mwenye mwili hajaulizwa.

Inamfaa mwenye kidonda kirefu kinachotaka kusafishwa kitaalamu lakini hawezi kusafirishwa, mwenye mpira wa mkojo au wa kulishia puani, na familia yenye fedha kidogo na watu wa kukaa usiku. Haimfai anayehitaji kuchungwa saa kwa saa. Huyo ni wa wodi.

Hali kwa hali

Ngiri, kidole tumbo, uvimbe uliotolewa, na mgonjwa anatembea: nyumbani na kituo. Nyuzi za tumbo kwa kawaida hutolewa siku ya 10 hadi 14. Kidonda kinaweza kuingia wadudu hata ndani ya siku 30, kwa hiyo wekundu unaotanda, joto, usaha, harufu, au homa ya nyuzijoto 38 vikitokea mrudisheni spitali, hata kama nyuzi zilishatoka na harusi imeshapangwa.

Mguu wa mwenye sukari: kituo, tena kituo chenye nesi mmoja mnayemzoea, aone kidonda kile kile kila mara ajue kinaenda mbele au nyuma. Kama njia ni ndefu, nesi wa kuja nyumbani analipa gharama yake, maana kila hatua anayokanyaga kidonda inakirudisha. Kidole kikigeuka cheusi au harufu ikaanza, acheni yote, ni spitali siku hiyo hiyo.

Kiharusi, hajigeuzi: ombeni siku mbili tatu za wodi za kufundishwa, kisha nyumbani na watu wasiopungua wawili, na nesi wiki ya kwanza aje kuwatazama mnavyofanya. Hayo ndiyo ningemfanyia baba.

Tezi dume, ana mpira wa mkojo: nyumbani. Mkojo ukisimama na tumbo la chini likiuma, au ukiwa wa damu nzito, msisubiri asubuhi.

Nyonga iliyovunjika, bibi wa ghorofa ya juu, iwe Michenzani au Mji Mkongwe: akae kwanza kwa jamaa mwenye nyumba ya chini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikimkatika ghafla, hiyo huenda ni damu iliyoganda. Tafuteni gari, si kesho.

Mtu wa Makoongwe, Kisiwa Panza au Kojani: asirudi kisiwani mpaka nyuzi zitoke. Nyumba ya jamaa karibu na hospitali kwa siku kumi ni nafuu kuliko kuvuka kila baada ya siku moja.

Anayeishi peke yake, na majirani wema tu: nesi asubuhi, jirani jioni, simu mkononi usiku, ikiwa anajimudu. Kama hajimudu, mwambieni daktari ukweli huo kabla hajatia saini.

Na yoyote mtakayochagua, msitoke wodini bila karatasi yenye majina ya dawa na saa zake, siku ya nyuzi, siku ya kliniki, tarehe ya kubadilisha mpira kama upo, na namba ya kupiga. Ibandikeni ukutani chumbani kwa mgonjwa. Ya baba ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa Unguja.